Majuto ni Mjukuu, na Mjukuu Ndiye Mimi

Kikombe kilikuwa cha plastiki, cha kijani, na kilibeba mililita 250. Nilijua hivyo kwa sababu nilikipima mwenyewe kwa chupa ya soda. Vikombe sita kwa siku, basi. Chai ilihesabiwa. Uji ulihesabiwa. Hata maji ya kumezea tembe yalihesabiwa, na Shosh alikuwa na tembe tano asubuhi na mbili jioni. Nilibandika karatasi kwenye mlango wa friji, na kila akinywa nikaweka mstari, kama karani anayehesabu kura.

Kufikia saa kumi jioni kwa kawaida kilikuwa kimebaki kikombe kimoja. Hapo ndipo angeniita. Mimi ni kifungua mimba wa mwanawe wa kwanza, kwa hivyo nimepewa jina la mumewe, na kwetu hiyo inamaanisha mimi ndiye mume. "Bwana yangu," angesema kwa ile sauti ya utani aliyokuwa nayo tangu nikiwa mtoto, "nitilie maji kidogo." Nami ningemjibu, "Shosh, imebaki moja, na hiyo ni ya dawa za usiku." Angenyamaza. Siku moja nilimkuta bafuni akinyonya kitambaa alichokuwa amekichovya kwenye mtungi. Sikumfokea. Nilikichukua tu kutoka mkononi mwake, nikakianika.

Alifariki Agosti 2023. Nataka niseme mapema kwamba sidhani aliuawa na kiu. Moyo wake ulikuwa umechoka miaka mingi, presha ilikuwa imeukula polepole huko Kinangop kabla ya mtu yeyote kumpima. Hiyo si hoja yangu. Hoja yangu ni miezi kumi na minne ya vikombe sita, na jinsi nilivyojivunia ile karatasi ya friji. Wageni walipokuja niliwaonyesha.

Amri yenyewe ilitoka kliniki. Daktari kijana, amechoka, foleni imefika hadi mlangoni, akasema bila kuinua macho: "Maji asipitishe lita moja na nusu." Ilichukua labda sekunde nne. Mimi nikaibeba nyumbani kama mbao za Musa.

Niliacha chuo mwaka wa pili. Nilikuwa nasoma takwimu, karo ikakwama, nikasema nitarudi, sikurudi. Ukiacha chuo, kila mtu nyumbani anaamini huna kazi ya maana, kwa hivyo wewe ndiye unayeachiwa mgonjwa. Kazi nilikuwa nayo, lakini ilikuwa ya kwenye laptopu, na wazazi wetu hawahesabu kazi isiyo na gari la kukupeleka na kukurudisha. Nilikuwa nawaandikia watu wa ng'ambo: maelezo ya bidhaa, makala za tovuti na, tusidanganyane, insha za wanafunzi wa Marekani na Uingereza walio na pesa lakini hawana muda. Najua utataka kuniuliza kuhusu maadili ya kazi hiyo. Niulize siku nyingine.

Katikati ya 2025, Shosh akiwa na karibu miaka miwili kaburini, nikapata oda ya mwanafunzi wa uuguzi. Kurasa kumi: mielekeo ya utafiti kuhusu moyo kushindwa kufanya kazi, tangu zamani hadi leo. Mwisho ni Jumatatu. Nilikaribia kuikataa. Kodi ilikuwa imefika, nikaichukua.

Tuelewane kwanza kuhusu jina. Moyo kushindwa si moyo kusimama. Ni moyo unaoendelea kupiga lakini hausukumi damu inavyopaswa, basi maji yanarudi nyuma na kutuama miguuni, tumboni, mapafuni. Kwa karne nyingi watu waliona maji tu, kwa hivyo wakaupa ugonjwa jina la maji. Mwaka 1785 daktari Mwingereza, William Withering, alichapisha kitabu kuhusu mmea wa digitalisi na jinsi unavyokausha uvimbe huo. Dawa aliipata kwa bibi mmoja wa Shropshire aliyekuwa na mchanganyiko wa siri wa familia, mimea 20 au zaidi, na Withering akang'amua ni upi kati yao uliokuwa ukifanya kazi. Kitabu hakimtaji bibi huyo kwa jina. Kina Shosh wa dunia hii wamezoea.

Madaktari waliendelea kutoa digitalisi kwa miaka mia mbili na zaidi kabla ya kuipima kwa jaribio kubwa. Matokeo yalitoka 1997, wagonjwa 6,800: dawa inapunguza safari za hospitali, lakini haipunguzi vifo. Miaka 212! Soma tena.

Baadaye kikaja kitanda. Kwa sehemu kubwa ya karne ya ishirini, mgonjwa wa moyo aliambiwa alale, asijisumbue, asipande ngazi. Ilikuwa na mantiki, kitu kilichochoka kinapumzishwa. Mwaka 2009 jaribio la wagonjwa 2,331 likaonyesha kwamba mazoezi ni salama kwao, na siku hizi wanahimizwa watembee.

Halafu ikaja hadithi iliyonifanya niache kuandika na kwenda kusimama dirishani. Kama unaishi upande wetu wa Githurai, umewaona punda wa mikokoteni ya maji. Mfereji ukikauka, na unakauka, punda mmoja anavuta mitungi ishirini kwenye tope, na akipunguza mwendo anachapwa. Anaongeza mwendo kweli. Kiboko kinafanya kazi, ukitazama mita hamsini zijazo. Basi kwa muda mrefu hivyo ndivyo dawa ilivyoufikiria moyo dhaifu: ni punda aliyechoka, tafuta kiboko. Wakatengeneza dawa za kuuchapa. Moja iliitwa milrinoni. Wagonjwa waliopewa, moyo ulisukuma kwa nguvu zaidi, na kwenye vipimo kila kitu kilipendeza. Mwaka 1991 matokeo ya jaribio la wagonjwa 1,088 yakatoka. Vifo vilikuwa vimeongezeka kwa asilimia 28 kwa waliomeza dawa kuliko waliomeza tembe tupu. Punda afe mzigo ufike, ndivyo wasemavyo, lakini hapa punda ndiye aliyekuwa mgonjwa wenyewe, na mzigo haukufika popote.

Sasa rudi nyuma kidogo. Mwaka 1975, huko Göteborg, Uswidi, Finn Waagstein na wenzake waliandika kuhusu wagonjwa saba. Saba tu. Walikuwa wamewapa beta-bloka, dawa zinazouziba moyo masikio usisikie kelele za adrenalini, yaani kinyume kabisa cha kiboko. Kila kitabu cha wakati huo kilisema moyo dhaifu usipewe dawa hiyo, kwamba utauzima. Wagonjwa wa Göteborg walipata nafuu. Dunia ya dawa ikawatazama Waswidi kama watu waliopotea njia. Ilikuwa 1999, karibu robo karne baadaye, majaribio mawili makubwa yalipoonyesha kwamba dawa za aina hiyo zinapunguza vifo kwa takriban asilimia 34. Jingine lilikuwa limeanza kueleweka wakati huohuo, kwamba moyo ukidhoofika mwili hudhani unavuja damu, basi unaubana, unaumwagia adrenalini, unahifadhi chumvi na maji. Mwili wenyewe ndio ulioshika kiboko. Dawa iliyokuwa mwiko ikawa lazima.

Fikiria daktari wa mwaka 1985. Mtu mwema, amesoma, anampenda mgonjwa wake. Muuguzi anamuuliza mbona tusijaribu ile ya Uswidi, naye anasema hapana, nitamuua. Analala usingizi mzuri. Je, amekosa?

Jibu rahisi ni kwamba hakukosa, kwa sababu alitenda kwa ujuzi wa wakati wake. Nilitaka sana jibu hilo liwe kweli. Nililiandika hata kwenye insha ya yule mwanafunzi, ukurasa wa nne. Kisha nikafika ukurasa wa tisa, mwaka 2025, nikakuta maji.

Utafiti ulifanywa Uholanzi, ukiongozwa na hospitali ya Chuo Kikuu cha Radboud mjini Nijmegen. Wagonjwa 504 wa moyo walio na hali tulivu, wanaotibiwa kutoka nyumbani. Nusu waliambiwa wasipite lita moja na nusu kwa siku. Nusu wakaambiwa wanywe watakavyo. Miezi mitatu. Hali zao za afya hazikutofautiana kwa kiasi cha kuthibitika, na kama mizani iliinama, iliinama kidogo upande wa wanaokunywa. Usalama haukutofautiana. Kilichotofautiana ni kiu. Walikuwa na maswali maalum ya kupima mateso ya kiu, na walionyimwa waliteseka zaidi.

Walipima kiu. Sikujua kwamba kiu ni kitu unachoweza kukiweka kwenye jedwali. Nilikaa na hiyo laptopu hadi ikazima.

Kuna mwanafalsafa Mwingereza, W. K. Clifford, aliyeandika mwaka 1877 kuhusu maadili ya kuamini. Anatoa mfano wa mwenye meli. Meli imezeeka, ana wasiwasi nayo, lakini anajibembeleza: imesafiri mara nyingi, Mungu yupo. Anaamini kwa moyo safi kabisa, anairuhusu ing'oe nanga, inazama na watu wote. Clifford anasema ana hatia, kwa sababu hakuwa na haki ya kuamini alichoamini. Halafu anaongeza jambo ambalo watu hulisahau: hata kama meli ingefika salama, hatia ingebaki vilevile. Asingekuwa mtu asiye na kosa. Angekuwa tu mtu ambaye kosa lake halikugunduliwa.

Mara ya kwanza nilipolisoma hilo nilidhani ni ukali wa watu wa zamani. Sasa naona linanisaidia kutenganisha vitu viwili nilivyokuwa nimevifunga pamoja. Kukosea si hatia. Sikuwa na njia ya kujua mwaka 2022 kile ambacho Uholanzi ilikuja kukisema 2025. Lakini kulikuwa na swali ambalo ningeliweza kuliuliza siku ileile, pale kliniki, kwa Kiswahili cha kawaida: daktari, hii lita moja na nusu mna uhakika nayo kiasi gani? Ni ya uhakika kama tembe, au ni ya uhakika kama methali? Sikuuliza. Na mimi ndiye niliyesoma takwimu miaka miwili. Mtu mwingine nyumbani mwetu angekuwa na udhuru.

Kwa sababu ushauri wa maji haukuwa umejengwa juu ya mengi. Tafiti ndogo ndogo zilikuwapo, nyingine huku, nyingine kule. Kilichoushikilia ni kwamba ulisikika vizuri. Mtu amejaa maji, mpunguzie maji. Ni mantiki ileile ya kitanda, ileile ya kiboko. Chumvi nayo ilipimwa kwa wagonjwa 806, matokeo yakatoka 2022, na kuibana chumvi kwa ukali hakukupunguza vifo wala kulazwa kama ilivyotarajiwa. (Mama yangu bado anapika mboga zisizo na chumvi kwa heshima ya Shosh. Sijamwambia.)

Mezani palikuwa na vitu viwili. Upande mmoja, faida ya kumnyima maji, kitu cha kukisia. Upande wa pili, kiu yake, kitu cha hakika, kilichoketi mbele yangu kwenye kiti cha plastiki na kuniita bwana yangu. Nilichukua ya kukisia nikaipa uzito wa sheria, nikachukua ya hakika nikaiita usumbufu. Ukali wangu ulikuwa mkubwa kuliko ujuzi wetu. Hapo ndipo nadhani nilikosea, na ningekuwa nimekosea hata kama wale Waholanzi wangekuta kwamba kunyima maji kunasaidia.

Ningependa kuishia hapo. Ingekuwa insha safi: msikilize mgonjwa, mwili wake unajua. Tatizo ni zile tembe.

Kati ya zile tano za asubuhi, moja ilikuwa beta-bloka, mtoto wa Göteborg. Dawa hizo zina tabia mbaya: wiki za kwanza mtu anaweza kujisikia vibaya zaidi kabla ya kupata nafuu, ndiyo maana zinaanzwa kwa kipimo kidogo na kupandishwa polepole. Shosh alizichukia. Alisema zinamlegeza kama nguo iliyofuliwa mara nyingi. Alinisihi, kwa sauti ileile, kwa jina lilelile la bwana yangu, nimruhusu aiache. Nilikataa. Nilisimama pale hadi ameze, nikamwambia afungue mdomo nione. Na kwa hiyo, kila utafiti ninaoujua uko upande wangu. Karibu mwezi wa tatu alikuwa akitembea hadi kwa duka na kurudi bila kukaa kwenye jiwe la jirani.

Kwa hivyo ulikuwa ukali uleule, mtu yuleyule, sauti ileile ikiomba. Mara moja nilikuwa sahihi, mara moja sikuwa. Ndani yangu hapakuwa na kengele iliyolia tofauti. Wanaosema fuata moyo wako hawajawahi kubaki na mgonjwa wa moyo.

Wahenga wana msemo, mgonjwa haulizwi uji. Nimewasikia watu wakiutumia kumaanisha usimsumbue na maswali, mpe tu. Ninachojiuliza ni nani anaulizwa, basi. Maana kuna ngazi nyingine juu ya ile ya kwangu na Shosh.

Wale wagonjwa wa Uholanzi, wastani wao walikuwa watu wanaokaribia miaka 70, wana dawa zote, mizani bafuni, na daktari wanayeweza kumfikia. Kwetu picha ni nyingine. Mwaka 2012 yalichapishwa matokeo ya wagonjwa 1,006 kutoka nchi tisa za Afrika, Kenya ikiwamo. Wastani wa umri ulikuwa miaka 52, na chanzo kilichoongoza kilikuwa presha, si mishipa ya moyo kuziba kama Ulaya. Yaani kule huu ni ugonjwa wa babu, huku ni ugonjwa wa mtu anayelipa karo. Mwaka 2017 utafiti mwingine, uliozunguka mabara kadhaa, ulikuta kwamba asilimia 34 ya wagonjwa wa Afrika walifariki ndani ya mwaka mmoja. China ilikuwa asilimia 7.

Kwa hivyo siwezi hata kuichukua ile karatasi ya Nijmegen nikajihukumu nayo vizuri. Iliandikwa kuhusu watu wenye hali tulivu. Shosh alikuwa na wiki tulivu, na alikuwa na wiki za mwisho wa mwezi, ambapo dawa ya kukojoza iliisha kwenye chemisti au sisi tuliishiwa, tukawa tunakata tembe nusu kwa kisu cha mkate. Wiki hizo miguu ilivimba hadi kidole kikaacha shimo. Labda kikombe cha saba wiki hizo kingemdhuru. Labda vikombe vyangu vilikuwa vikifanya kazi ya dawa tuliyokosa kununua. Hakuna aliyelipima swali hilo kwenye nyumba kama yetu, ingawa halihitaji mashine ya mamilioni, linahitaji vikombe na karatasi ya friji, na karatasi ya friji ninayo.

Hilo ndilo linaloniudhi zaidi ya yote. Yule daktari wa 1985 angalau alikuwa akikosea kuhusu wagonjwa waliokuwa wakichunguzwa. Sisi hukosea, na kupatia, kwa majibu ya maswali ambayo watu wengine walijiuliza kuhusu wazee wao. Halafu majibu yanapobadilika huko, yanachukua miaka kufika kwenye ile sekunde nne ya kliniki. Simlaumu kijana wa watu. Foleni ilifika mlangoni.

Insha niliiwasilisha Jumapili usiku. Mwanafunzi alipata alama nzuri, akanitumia dola tano za ziada. Ukurasa wa nne niliufuta ile sentensi ya ujuzi wa wakati wake. Hakuna aliyegundua.

Wiki mbili zilizopita anti yangu alinipigia. Mumewe amevimba miguu, wamempiga picha, moyo umepanuka. "Wewe ndiye unajua hizi vitu, ulikaa na Shosh," akasema. "Wametuambia lita moja na nusu. Nimenunua kikombe." Nikamwambia tembe asiruke hata moja, hata akilia. Nikamwambia anunue mizani, ampime kila asubuhi akishatoka msalani na kabla ya chai, na kilo zikipanda mbili kwa siku chache wasingoje tarehe ya kliniki, waende. Nikamwambia akirudi kliniki amuulize daktari hiyo lita moja na nusu wana uhakika nayo kiasi gani, kwa maneno hayohayo.

"Sawa. Na kabla ya hapo?" akauliza. "Akiniomba maji?"

Kikombe cha kijani kipo mezani pangu, nakiwekea kalamu. Nilikitazama kitambo hadi anti akadhani simu imekatika.

"Mpe," nikasema. "Kisha asubuhi unitumie kilo."

Jumatatu aliandika 71.4. Jumanne 71.2. Jumatano 71.6, na alama ya kuuliza. Leo ni Alhamisi, saa nne asubuhi, na bado sijapata ujumbe.